Gwaride Lililosimama Mbele ya Dirisha la Baba

Nimewahi kusimamisha gwaride la watu arobaini na mbili katikati ya barabara, magari yakipiga honi nyuma yetu, ili nimpigie tarumbeta mtu mmoja tu aliyekuwa dirishani.

Watu wa mtaa wetu wa zamani wanaikumbuka kama siku nzuri. Nikikutana na mmoja wao ataniambia tu, "Wewe binti, siku ile ulitutoa machozi."

Huwa nacheka kidogo, nabadilisha mada.

Leo nasimulia yote. Mwenye maneno makali ayaweke kiporo mpaka nimalize.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, napiga tarumbeta kwenye kikosi cha vijana cha ngoma na tarumbeta. Si bendi ya harusini, tuelewane. Hiki kilikuwa kikosi cha gwaride. Buti nyeusi, kofia zenye manyoya, mistari imenyooka utadhani imepigwa rula.

Tarumbeta zetu hazikuwa na vibonye. Kila sauti unaitafuta mwenyewe kwa midomo na pumzi. Mdomo ukigoma, kazi imekwisha.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mfupi mstaafu, tukamwita Kushoto, maana ndilo neno alilolisema kutwa nzima. Alitupaka chaki nyeupe kwenye buti la mguu wa kushoto, kisha analala kifudifudi pale ukumbini, shavu chini, aone chaki ya nani imechelewa. Ukichelewa, unatembea ukumbi mzima peke yako huku wenzako wanakuhesabia hatua. Aibu yake usiombe.

Buti zile zote zilipita mikononi mwa baba yangu. Alikuwa fundi viatu, na ndiye aliyezipigilia vichuma kwenye visigino ili tukitembea usikike mguu mmoja.

Halafu akaanza kukohoa.

Tulichukulia kama utani. Baada ya miezi minne alikuwa amelala chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa dirishani, na mtu aliyezoea kubeba gunia la soli begani sasa anageuzwa ubavu na mama na shangazi. Kila asubuhi muuguzi alikuja kumdunga sindano.

Mimi nilikuwa namwamkia kutoka mlangoni.

"Shikamoo, baba."

Ananiinulia mkono. Naondoka.

Niseme ukweli, nilikuwa naogopa kuingia. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa. Kwa hiyo nikajipa shughuli. Shule, mazoezi, nyumbani kulala.

Siku moja mama akaniambia, "Baba yako anauliza, kikosi chenu kitapita lini barabara hii?"

Basi, nikajua anachotaka. Au nilidhani najua.

Kwenye wimbo wetu mkuu kulikuwa na mahali ngoma zote zinanyamaza, tarumbeta moja inabaki peke yake na kupanda hadi sauti ya juu kabisa. Kipande kile kilikuwa changu. Nikasema baba anataka kukisikia kabla hajaondoka.

Sasa hapo ndipo pagumu. Ile sauti ya juu nilikuwa naipata siku moja, siku tatu inanikimbia. Gwaride la mwaka lilikuwa limebaki wiki tatu.

Nikakomaa. Nilijifungia stoo ya ukumbi kila siku baada ya shule, napuliza mpaka naona nyota. Wiki ya kwanza mdomo ukavimba. Ya pili ukapasuka. Nikawa napaka mafuta, naendelea. Nikila chakula chenye chumvi, machozi yananitoka bila kuomba ruhusa.

Kushoto akanikuta stoo, akaitazama tarumbeta, akaona damu.

"Binti, mdomo ni nyama. Upumzishe. Kipande chako atapiga mwingine."

"Mwalimu, bora unifukuze kikosini."

"Kichwa kigumu."

"Baba anakufa, mwalimu."

Lilikuwa neno ambalo sijawahi kulitamka, hata moyoni. Likishatoka, nikapiga magoti palepale katikati ya ngoma mbovu nikalia kama mtoto. Nikamwomba na jingine. Gwaride halikuwa limepangwa kupita kwetu. Nikamwomba alipitishe kwetu, lisimame, nipige kile kipande mbele ya nyumba.

Akakataa. Njia imeshapangwa, kibali kimeandikwa.

Kesho yake Bonge, rafiki yangu wa ngoma kubwa, akaenda na wenzake kumi kumwambia kwamba nyumba ile isipopitiwa, hawavai sare. Kushoto akaziangalia buti zao.

"Dakika mbili," akasema. "Lakini litabaki kuwa gwaride. Macho mbele. Atakayegeuza shingo, asirudi tena kikosini."

Siku yenyewe ikafika, Jumamosi saa tisa alasiri. Tukakata kona kuingia mtaa wetu na nikasikia majirani wanatoka nje. Ule mdomo ulikuwa na kidonda kibichi, na nilikuwa nasali maneno mawili tu, leo tu, leo tu.

Kushoto akainua fimbo. Kikosi kikasimama, nyumba yetu ikiwa mkono wangu wa kulia, hatua kama sita hivi. Kwa pembe ya jicho niliona pazia limefunguliwa na kitu cheupe pale dirishani. Mto, au shati lake. Sikugeuka. Miaka mitatu nimefundishwa kutogeuka.

Ngoma zikanyamaza.

Nikapuliza. Kidonda kikafunguka hapohapo, nikaonja damu, nikaendelea. Nikapanda, nikapanda, na ile sauti ya juu ikatoka safi. Sijawahi kuipata vile kabla ya siku ile wala baadaye. Jirani mmoja akaanza kulia kwa sauti. Watu wakapiga makofi.

Kushoto akashusha fimbo. Mbele tembea. Tukaondoka, macho mbele, nami nikisema moyoni, baba, umeipata.

Gwaride lilipovunjwa nilikimbia na kofia mkononi hadi nyumbani. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Umepiga vizuri sana."

"Na baba? Amesemaje?"

Akanishika mkono, akaniketisha kando yake.

"Baba yako hasikii."

"Hasikii nini?"

"Hasikii kitu. Wiki ya tano sasa. Zile sindano zimemla masikio. Muuguzi alituambia inatokea."

Nikaiweka kofia chini.

"Nilitaka kukwambia. Yeye akanikataza. Alikuona unapita dirishani na mdomo umevimba, akajua unamfanyia yeye. Akasema, mwache, usimvunje moyo."

"Sasa aliuliza tutapita lini ili iweje?"

"Alitaka kukuona. Kukuona usoni, basi. Anasema siku hizi unaishia mlangoni, na pale ni giza, hakuoni uso." Mama akajifuta kwa ncha ya khanga. "Mimi na shangazi yako tumemwinua tangu saa nane akae vizuri. Alikupungia mkono. Ukampita. Akakupungia tena mnaondoka. Akaniuliza, kwani hajaniona?"

Ndugu zangu, hapo mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Niliingia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili nilivuka kizingiti kile, nikavuta kiti, nikaweka uso wangu karibu kabisa na wake. Alikuwa amefumba macho. Shangazi akasema amechoka, kule kukaa kumemmaliza, atazinduka.

Nilikaa jioni ile yote, na Jumapili yote, nimemkazia macho. Sikwenda hata kunywa maji bila kumwambia shangazi akae pale pangu.

Hakuzinduka. Jumatatu alfajiri akatutoka.

Kikosini sikurudi. Kushoto alikuja msibani, akakaa na mimi, na sikumlaumu. Yeye aliniambia nisigeuze shingo kwa dakika mbili. Ile miezi miwili ya mlangoni hakuniamuru mtu.

Kama una mgonjwa ndani, acha kumpangia mambo makubwa. Ingia, vuta kiti, muulize anataka nini, na umtazame anapokujibu. Mimi ningemuuliza swali moja tu, moja, nikiwa nimekaa karibu naye, ningegundua hapohapo kwamba hanisikii.