Mama Alipowekwa Kimya

Tulikuwa sita mezani, ghorofani katika hoteli moja ya Kisii mjini, juu ya duka la vitambaa la Mhindi, na mvua ya alasiri ilikuwa imetufungia ndani kama kawaida yake. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwenzetu mmoja, siku hizi fundi wa umeme, ndiye aliyetutafuta kwa simu mmoja mmoja mpaka tukakubali kukutana. Sote tulilelewa katika Kundi, kule Nyansiongo, miaka ya tisini, na sote tulitoka, kila mtu kwa njia yake. Tulikula samaki, tukaimba kipande cha wimbo wa zamani kwa sauti ya chini, tukacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji kitu.

Kisha mwanamke aliyeketi karibu nami akasema, "Afadhali mimi. Mimi sikumsema mtu kwa wakubwa hata siku moja." Fundi akasema hata yeye. Wa tatu naye vivyo hivyo. Neno likazunguka meza nzima mpaka likanifikia, nikasema, "Hata mimi." Sasa nikuulize wewe unayenisoma, rafiki yangu: kama hakuna aliyesema, basi nani alisema? Tangu siku hiyo situlii. Nikifua nawaza, nikiwa kwenye foleni ya benki nawaza, mpaka watoto wangu wananiuliza kama naumwa. Acha nikwambie wewe, maana hukuwepo pale mezani.

Kundi lilikuwa familia kama kumi na mbili zilizojitenga na kanisa kubwa la Jumamosi la kule barabarani, zikisema kanisa limelegea. Kiongozi wetu tulimwita Mtumishi. Ukimtarajia mtu wa kufoka na kupiga meza, umekosea. Aliongea taratibu, na akikuuliza habari za nyumbani uliona anataka kujua kweli. Kabla ya Kundi, baba yangu alikuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni. Mtumishi alikuja akakaa naye nyumbani siku tatu, akimpikia uji na kumfuta jasho, na baba hakugusa tena pombe maishani mwake. Ukitaka kujua kwa nini mtu mzima alikubali yote yaliyofuata, anzia hapo.

Ardhi ya Mtumishi ilikuwa zamani sehemu ya shamba la mzungu, na mzungu alikuwa ameacha jengo la kukamulia ng'ombe, lenye sakafu ya saruji iliyoinama kuelekea mfereji wa katikati. Humo ndimo tulimosali. Unaijua baridi ya Nyansiongo ya asubuhi? Basi piga magoti kwenye saruji ile ukiwa na miaka minane, ndipo utaijua. Hata leo magoti yangu yakigusa sakafu baridi, midomo huanza yenyewe kutafuta sala. Naikasirikia midomo hiyo.

Mtumishi alifundisha kwamba chai na kahawa huamsha mwili na kulaza roho, kwa hiyo hazikuingia nyumbani mwetu. Sasa fikiria mahali penyewe: huku chai, kule chai, jirani wote wanachuma chai. Baba naye alikuwa na nusu ekari yake. Kama kuinywa ni dhambi, kuilima je? Wanaume wa Kundi wakaja na majembe na mapanga, wakaing'oa kwa siku tatu huku wakiimba. Mama alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani, akatazama mpaka shina la mwisho likatoka. Mwaka mzima tulipikia visiki vile. Vinawaka vizuri sana, kusema kweli.

Lakini nikikwambia maisha yalikuwa machungu matupu nitakuwa nadanganya, na nimechoka kudanganya. Zilikuwepo Ijumaa. Ijumaa tangu asubuhi ua ulifagiliwa, nguo zikapigwa pasi ya makaa, maji ya kuoga yakachemshwa kwenye sufuria kubwa. Mama alipika chinsaga, zile mboga zetu chungu, akazimwagia maziwa zilale hadi Sabato zipungue ukali. Ndizi zilikuwa tayari, ugali wa wimbi umefunikwa kwa kitambaa. Jua likikaribia kuzama nyumba ilinukia sabuni na wimbi, na nilijua mahali pangu duniani ni wapi. Hisia ile sijaipata tena popote, na nimeitafuta.

Kabla ya jua kuzama kulikuwa na saa ya watoto. Tuliketi kwenye mkeka mbele ya mwalimu wa watoto, mama mmoja mpole mwenye mikono ya joto, naye alituuliza mmoja mmoja, "Nyumbani kuko safi?" Kama kuko safi ulisema ndiyo, akapita. Kama ulikuwa umeona jambo, baba kasikiliza redio kwa jirani, dada kasuka nywele, ulilisema. Aliyesema alikumbatiwa, akapewa konzi ya njugu, na kesho yake, Sabato, ndiye aliyeanzisha wimbo wa kwanza mbele ya watu wote.

Usinicheke, lakini mimi nilitaka sana kuanzisha wimbo. Sauti nilikuwa nayo. Wiki baada ya wiki nilisema ndiyo, kuko safi, halafu Sabato nikamsikiliza mtoto wa watu akiukwaruza wimbo ambao mimi ningeuimba vizuri. Nyumba yetu ilikuwa safi mpaka ikawa inaniaibisha.

Siku moja ya wiki, nikiwa na miaka tisa, mvua ya mawe ilinifukuza shambani, nikaingia jikoni nimelowa chapachapa. Mama alikuwa kwenye kigoda, mdogo wangu wa miezi kumi amelala mapajani mwake, kikombe cha bati mkononi. Chai ya rangi. Harufu yake niliijua nyumbani kwa nyanya yangu. Nilidhani ataificha. Hakuificha. Alinitazama, akapuliza, akanywa funda, akapuliza tena, mpaka ikaisha. Kisha akasuuza kikombe na kuniambia nibadilishe nguo nisije nikashikwa na homa.

Nilifurahi. Naona haya kukwambia, lakini nilifurahi. Ijumaa nikasema, nikakumbatiwa, nikapewa njugu. Sabato nikaanzisha wimbo, na niliuanzisha vizuri, watu waligeuza vichwa. Mama alikuwa safu ya nne, akaimba pamoja nasi.

Wimbo ulipokwisha Mtumishi akasimama akalitaja jina la mama, akasema amewekwa kimya. Maana yake, hakuna mtu wa Kundi atakayemsemesha, wala kumjibu, wala kula naye, mpaka Mtumishi mwenyewe atamke kwamba basi. Na watu wa nyumbani kwake ndio wa kwanza. Mtumishi alilia alipokuwa akisema hayo. Yalikuwa machozi ya kweli, na mpaka leo sijui niyaweke wapi.

Tukaanza. Mama alipika, akatuletea chakula sebuleni, mimi na baba tukala, yeye akala jikoni. Baba alimpita uani kama anayepita mtu asiyemjua. Siku za kwanza hapakusikika kitu ila kuku. Ndipo mama akagundua njia. Mdogo wangu hakuwa mtu wa Kundi bado, hakuwa hata na neno moja mdomoni, basi mama akawa anamwambia yeye.

"Mwambie dada yako maji ya kuoga yako tayari," alisema, na mtoto akamvuta pua. "Mwambie dada yako sketi imepasuka nyuma, aivue niishone." "Mwambie dada yako asiache sweta, Nyansiongo haina huruma." Nami nilienda nikaoga, nikavua sketi, nikavaa sweta, mdomo nimeufunga. Ukinibana nitakuambia kwamba wiki zile mama aliongea nami kuliko wakati mwingine wowote. Jioni, akikoroga ugali, alimsimulia mtoto habari za kwao Kenyenya, mto waliooga, mjomba aliyeogopa bata, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikijiuma vidole nisicheke.

Ijumaa ya nne au ya tano mwalimu wa watoto akaniuliza, "Mama anakusemesha?" Nikasema, "Hapana, anaongea na mtoto tu." Nilidhani namtetea. Akauliza, "Anamwambia nini?" Nami, mjinga, nikaanza kuigiza. Nilitoa sauti ya mama, nikafanya na pua ya kuvutwa, watoto wakacheka, mwalimu mwenyewe akatabasamu. Nilirudi nyumbani nimeshiba njugu.

Jumapili Mtumishi akaja na shangazi, dada yake baba, ambaye naye alikuwa wa Kundi. Mtumishi akamwambia baba kwamba kuanzia kesho jioni mtoto atakaa kwa shangazi mpaka kimya kiishe, kwa sababu dada fulani, yaani mama, anatumia kinywa cha mtoto kuvunja agizo. Baba akaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa papo hapo, anamnyonyesha, na hakuna aliyemtazama.

Kesho yake asubuhi baba alikwenda kupeleka maziwa. Mimi nilikuwa nje ya jikoni nikisugua sufuria kwa majivu. Mama akatoka na mtoto mgongoni, kiondo mkononi, amevaa viatu vyake vya Sabato siku ya Jumatatu. Akasimama mbele yangu. Safari hii hakupitia kwa mtoto.

"Twende," akasema.

Nikasugua sufuria. Nilijua nikijibu nami nitawekwa kimya, na mimi sikuwa na mtoto wa kuongea naye. Pia, kusema kweli yote, nilijiona mwema. Nilikuwa nashika agizo hata pale lilipouma.

"Twende, mama," akasema tena, jinsi alivyozoea kuniita.

Sikuinua uso. Niliona viatu vyake. Vilikaa pale muda mrefu, sufuria ikawa imeshang'aa nami nikaendelea kuisugua. Kisha vikageuka vikaondoka. Nilipotazama alikuwa amefika njiani, kichwa cha mdogo wangu kikitikisika mgongoni.

Nilikaa katika Kundi miaka mitano zaidi. Niliimba nyimbo nyingi. Kundi halikufa kwa kishindo. Mtumishi aliugua akafa, watoto wake wakauza ardhi, na kila nyumba ikashika njia yake. Baba mwenyewe alinipeleka Kenyenya, akasimama getini kwa wakwe zake, hakuingia. Mama alitoka akanitazama juu hadi chini, akasema, "Umekuwa mrefu." Akanipakulia chakula. Tangu siku hiyo tumeongea mimi naye habari za kila kitu, ng'ombe, arusi, mgongo wake, bei ya mbolea. Habari ile tu ndiyo hatukuigusa.

Basi wiki moja baada ya ile hoteli nilikwenda Kenyenya. Nilimkuta kibarazani anachambua mboga. Niliketi, nikachambua naye kidogo, kisha nikasema bila kuzunguka, "Mama, ile chai. Ni mimi niliyekusema."

"Najua," akasema, mikono haikusimama.

"Nilitaka kuanzisha wimbo."

"Najua. Niliinywa mbele yako ili useme."

Nilimtazama. Akaeleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Nyumba mbili zilizotangulia kukutwa na chai zilitolewa katika Kundi nzimanzima, baba, mama na watoto. Alifikiri nasi watatutoa wote wanne, baba akose la kufanya, turudi kuishi kama watu. Kumwambia baba waziwazi alikuwa amejaribu mara mbili, haikufaa. Kumbe walimhitaji baba, nguvu zake na shamba lake, wakamweka kimya mama peke yake. "Ulikuwa na miaka tisa nikakutuma kazi ya mtu mzima," akasema. "Hilo ni langu. Usilibebe."

Sijui nikwambie nilihisi nini. Nilipata nafuu, na papo hapo nikamkasirikia, kwa ile miaka yote niliyokaa na hatia ambayo yeye angeniondolea kwa sentensi moja. Nilisimama niende kuleta maji, ili tu niwe na kitu cha kufanya. Hapo ndipo akauliza, bila kuinua kichwa.

"Ile asubuhi nilipokuita, pale nje ya jikoni. Ulinisikia?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa chai. Na nilikuwa nimetoka kudanganya watu watano mezani, nikaapa moyoni kwamba kwa mama sitadanganya.

"Nilisikia," nikasema. "Mara zote mbili."

Akaitikia kwa kichwa, akachambua majani mawili matatu. "Mimi nilikuwa nasema hukusikia," akasema. "Sauti yangu ilikuwa imekauka siku zile. Nilikuwa nasema labda haikutoka."

Jengo la kukamulia limebomolewa, wameniambia. Mtumishi hayupo, baba hayupo, wimbo wenyewe nimeusahau ubeti wa pili, na hakuna hata kimoja cha hivyo ninachokililia. Lakini mama alikuwa amejitunzia neno moja la kumlaza usingizi, karibu miaka thelathini, kwamba mtoto wake hakusikia. Mimi nilikwenda Kenyenya kutua mzigo wangu, nikamnyang'anya neno hilo. Sasa tunajua sote wawili.