Suruali Nyeupe ya Bingwa wa Kung-fu

Juzi, mvua ilipokatika, niliingia chumba cha video hapa Kasongo. Nilikaa kando ya motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyekuwa ametoka tu Kabambare, matope hadi magotini. Kwenye filamu, bingwa wa kung-fu aliwachapa majambazi kwa mwiko, akaruka juu ya paa la soko, akatua ndani ya sufuria ya uji. Motari alicheka hadi machozi, huku akinipiga paja.

Kisha bingwa akapanda pikipiki, akavuka dimbwi la matope, akashuka na suruali nyeupe pee.

Motari akasimama. "Uongo! Uongo mutupu!"

"Papa, kaa chini," mama mwenye video akamwambia. "Wakati anaruka juu ya nyumba ulikuwa unacheka."

"Mama, kuruka sijaruka hata siku moja, pengine inawezekana. Lakini matope, ile naijua."

Tulimpigia makofi. Akakaa, na filamu ilipoisha akauliza sehemu ya pili inaanza saa ngapi.

Mimi pia nazipenda filamu hizi. Angani zidanganye zitakavyo, huko hakuna mwenzetu. Ila zikishuka chini, zichafuke kama sisi.