Mablanketi Mawili Chini ya Mabati

Siku ile ya joto sijaisahau mpaka leo, mwanangu, na asubuhi hii imenirudia yote. Nimeingia chumbani mwako nikakuta dirisha umeliziba kwa kitenge, jiko la mbabula linawaka makaa pembeni ya kitanda, na mtoto umemfunika mpaka utosini. Nilijiona mimi mwenyewe nikiwa na umri wako. Sasa mtoto nimeshamfunua, dirisha liko wazi na mbabula nimeitoa nje, kwa hiyo nipe kiti nikae. Usinune. Bibi akikuvurugia chumba, angalau msikilize sababu yake.

Nilikuwa nimeolewa si muda mrefu, tumepanga chumba na sebule hapahapa Bunia. Nyumba ilikuwa na mabati mapya, haina dari, na mimi nikijivunia mabati yale kana kwamba niliyapigilia misumari mwenyewe. Babu yako alikuwa fundi wa redio sokoni. Kwetu kulikuwa na redio nyingi kuliko sahani, na nusu yake hazikusema neno. Nikajifungua mtoto wangu wa kwanza, msichana, katika zile wiki ambazo mvua inakaribia lakini hainyeshi. Jua linachoma, hewa imejaa maji, nguo unazianika asubuhi na jioni bado zina ubichi.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka milima ya Djugu kuja kunitunza. Alikuja juu ya lori la viazi, na mapajani amekumbatia mablanketi mawili ya sufu. Kule kwao ukungu hauondoki mpaka jua liwe juu, na kuna desturi: mzazi na mtoto wanafungiwa chumbani na moto, mlango haufunguliwi ovyo, mpaka kitovu kianguke. Usiicheke desturi hiyo. Kule juu imeokoa watoto wengi. Na mama mkwe wangu alikuwa na sababu yake ya pekee, aliniambia siku aliyofika, huku akiziba dirisha langu kwa gunia.

"Baridi ilinikamatiaka mutoto wa kwanza, akakufa," alisema. "Huyu wa kwako haitamukamata. Mi niko hapa."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Nilimpenda hapohapo. Akamfunga mtoto kwa mablanketi yote mawili, akamvalisha kofia, akawasha mbabula.

Jioni moja babu yako akarudi na redio aliyoitengeneza, akaiwasha tusikilize. Mtangazaji akaeleza hali ya hewa ya siku zinazokuja: joto kali toka ziwani mpaka huku Bunia, tena joto lenye unyevu, lile ambalo jasho halikauki mwilini. Akasema watoto wachanga na wazee wakae penye hewa, wasifunikwe sana, watoto wanyonyeshwe na wazee wapewe maji mara kwa mara. Babu yako akamwangalia mama yake. Mama yake akaiangalia redio.

"Hiyo redio ilizalaka batoto wangapi?" akauliza.

Tulicheka sisi wote. Babu yako akapunguza sauti, na habari ikaishia hapo.

Kesho yake mchana, mwanangu, chumba kile kilikuwa tanuri. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Mtoto alilia asubuhi kwa muda mrefu, kisha akanyamaza, na mama mkwe, akijipepea kwa mfuniko wa sufuria, akafurahi kwamba moto umempendeza. Nilipomchukua kumnyonyesha, hakushika ziwa. Uso ulikuwa mwekundu, ngozi inaunguza, na mkono wake nilipouinua ukaanguka wenyewe. Nikapiga kelele kwamba mtoto anakufa.

Mama mkwe naye aliogopa. Na mtu akiogopa anakimbilia kile anachokijua. Yeye alijua adui mmoja tu, baridi. "Baridi imeingia ndani ya mwili," akasema, akaongeza makaa.

Ukuta wetu na wa jirani ulikuwa mmoja. Jirani huyo alikuwa mama mzee tuliyemwita Koko Alfonsina, muuza samaki wa chumvi, mzaliwa wa Kasenyi, kule chini ziwani ambako joto ni la kila siku. Alisikia kelele yangu akaingia bila hodi. Hakusalimia. Aliibeba mbabula akaitupa uani, akang'oa gunia dirishani, akamfungua mtoto blanketi moja baada ya lingine, na kofia, mpaka akabaki na nepi. Akalowanisha kitambaa kwa maji ya mtungi, akampangusa shingo na kwapa na miguu. Kisha akanyakua ule mfuniko wa sufuria uliokuwa mkononi mwa mama mkwe, akaanza kumpepea mtoto.

"Kamulia maziwa ndani ya kinywa," akaniambia. "Kidogokidogo. Usilie sasa, utalia nyuma."

Nikakamua tone kwa tone. Nilimwomba Mungu maneno ambayo hata sikuyapanga. Baadaye ulimi mdogo ukalamba, midomo ikatafuta, na mtoto akalishika ziwa. Hapo ndipo nililia, na nililia vizuri.

Koko Alfonsina hakuacha kupepea. Akamgeukia mama mkwe wangu, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mama, weye unavaa nguo moja, tena nyepesi," akasema. "Na bado ulikuwa unajipepea na huu mufuniko. Mutoto iko na mablanketi mbili na moto kando. Kati ya weye na yeye, nani iko na nguvu ya kuvumilia?"

Mama mkwe aliutazama mfuniko, kisha mtoto. Alikaa chini sakafuni. Machozi yakamtoka bila sauti, akasema tu, "Niliogopa baridi."

Koko Alfonsina akakaa chini karibu naye, akampa ule mfuniko ampepee mtoto yeye mwenyewe. "Ninajua," akamwambia. "Kule kwenu baridi ndiyo inakamataka batoto. Kwetu ziwani ni joto. Hakuna mama alikosea kwa kupenda mutoto. Lakini kila asubui uulize kwanza: leo, hapa, iko adui gani?"

Jua lilipopungua tulimpeleka mtoto kituo cha afya, tukimkinga kwa mwavuli. Muuguzi akampima, akasema tumefika na mtoto mzima, ila tungechelewa kumfunua tungefika na maiti. Jioni babu yako alipowasha redio yake, mama mkwe aliinua kichwa. "Weka sauti juu," akasema. "Tusikie ya kesho." Na hivyo ikawa kila jioni mpaka aliporudi mlimani. Wakati wa taarifa ya hali ya hewa hakuna aliyeruhusiwa kusema, hata mgeni.

Mtoto yule ni mama yako. Hakukusimulia kwa sababu yeye mwenyewe hakumbuki, na bibi yake alikuwa anaona haya tulipoitaja habari hiyo.

Sasa nikuambie waziwazi, mwanangu, halafu nikuache upumzike. Simu yako inakuonyesha hali ya hewa ya siku nyingi mbele, na jana ulinisomea mwenyewe kwamba wiki hii ni joto na unyevu mwingi, kisha ukafunga dirisha kwa sababu wazee husema mtoto afunikwe. Usitufanyie sisi wazee hivyo. Tulichowaachia ni kumlinda mtoto. Blanketi lilikuwa la baridi ya mlimani. Vaa nguo moja, na yeye mvalishe kama wewe. Kujua kama ana joto, mguse kifuani na shingoni, si mikononi. Makaa usiyalete chumbani tena, moshi wake nao unaua. Mnyonyeshe mara nyingi, nawe unywe maji. Akikataa ziwa, akilegea, akiungua huku amenyamaza, mfunue, mpanguse, ukimbie kituo cha afya; usiningoje mimi wala mtu yeyote. Na jirani akiingia bila hodi kukusaidia, mwache aingie.

Katika mfuko huu kuna blanketi moja kati ya yale mawili. Mama mkwe wangu aliniachia, nami nakuachia. Ni la alfajiri, ukungu ukishuka. Jua likitoka, likunje.

Mungu akupe usingizi na maziwa ya kutosha. Amlinde huyu mdogo na baridi ya asubuhi na joto la mchana, amkuze mpaka azeeke, naye siku moja aingie chumbani kwa mjukuu wake, afungue dirisha, ndipo aombe kiti.