Siku Nilipomuuliza Kaka Maana ya Kilatini

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Miaka ile biashara huria ilikuwa imesharuhusiwa na kila mwenye nguvu anauza kitu. Kaka yangu alifunga duka lake la mitumba Nakapanya, akarudi nyumbani kwetu Mfaranyaki, Songea, akiwa anakohoa, mashavu yameingia ndani. Ugonjwa tuliouogopa tuliujua. Hakuna aliyeutaja.

Kwetu mgonjwa haambiwi kwamba amekonda. Ukienda kumjulia hali unasema, "Naona leo mwili umerudi," hata kama hujui umerudi wapi. Majirani walisema hivyo, mama alisema hivyo kila akimpelekea uji, na kaka akaamini, au akajifanya anaamini. Hospitali akagoma.

"Niende kufanya nini? Si mnasema napona?"

Nilitaka aende, lakini na mimi nikasema mwili umerudi.

Nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari. Katika kitabu cha kidato cha pili kulikuwa na habari ya mto ulioganda kwa baridi, na humo neno *thaw*. Sasa watoto wa Songea, ambao barafu wanaijua ile ya kwenye mfuko wa nailoni tu, utawaelezaje kwamba nchi nzima huganda, halafu joto likirudi inayeyuka? Nikaazima parokiani kamusi kubwa inayoeleza maneno yalikotoka. Mchana nikakaa nayo kando ya kitanda cha kaka, maana ukimwacha peke yake alikuwa anatazama dari tu.

Kamusi ilisema neno hilo ni la zamani sana, lina ndugu zake kwa Wajerumani na Waholanzi, na huenda asili yake ni moja na neno la Kilatini, *tabes*. Maana ya hilo la Kilatini sikuipata, mende walikuwa wametafuna pembe ya ukurasa. Nikafurahi. Kaka alisoma seminari kabla ya kuingia kwenye biashara, na Kilatini alikipenda. Nikaona nimepata kitu cha kumchangamsha.

"Kaka, *tabes* ni nini?"

Akaacha kutazama dari, akanigeukia.

"Ni mwili kuyeyuka," akasema. "Mtu anaumwa, nyama zinaisha kidogo kidogo." Akajiinua kwa viwiko. "Hebu nitazame. Mimi nimekonda?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Akanikazia macho. Nilimwogopa mama kuliko mkuu wa shule, hilo nalo sikatai.

"Umekonda sana, kaka," nikasema. "Umekwisha."

Mama akaweka bakuli chini, akaniita mchawi, akatoka kwenda kulia uani. Kaka hakulia. Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia mtaa mzima. Akacheka kidogo, akakohoa, akasema basi kesho nimpeleke hospitali akapimwe.

Muda wote ule nilikuwa naomba aseme hivyo. Asubuhi nikamkuta amekaa kitandani, ameshavaa, mkanda umempwaya na suruali ameifunga kwa kamba ya katani. Ghafla sikutaka twende. Nikaanza kutafuta visababu: mvua inakuja, labda twende Jumatatu, labda tusubiri kikohozi kitulie. Kaka alininyooshea mkono nimwinue.

Nikajikaza kama mtu anayeinua gunia la mahindi. Nusura nianguke naye, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.