Titi Kwanza, Uji Baadaye

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimekaa barazani kwa mama, milimani kwetu juu ya Mkuyuni, nimempakata binti yangu wa kwanza, Zena, mwenye miezi minane. Titi liko mdomoni mwake, kanga imetufunika nusu, na mbele yetu wanawake wanne wanapukuchua mahindi. Kila aliyetutazama aliona mama ananyonyesha mwanawe. Uongo mtupu. Mtoto hakuwa akipata hata tone, nami nilijua, na moyo ulikuwa unanienda mbio kama wa mwizi aliyeona watu wanageuka.

Ngoja nikueleze nilifikaje huko. Najua na wewe, mjukuu wangu, umeshaanza kumwonjesha mwanao uji, tena nasikia unajisifu kwamba anamaliza kikombe. Jisifu, sikukatazi. Ila nisikilize kwanza.

Hayo yalikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Mume wangu, Rajabu, alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Ngerengere, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo nilijifungulia kwa mama na nikabaki huko huko. Mama alinipenda, katika hilo sina la kusema. Zena alipoingia mwezi wa saba tukamwanzishia uji wa mahindi. Lo, alikuwa mlafi yule! Anafungua kinywa kabla kijiko hakijafika. Majirani wakasema huyu si mtoto, huyu ni mkulima. Basi kichwa kikanivimba. Nikawa napita na mwanangu mgongoni kama niliyemzaa peke yangu duniani.

Sasa, mara mbili kwa wiki nilikuwa nashuka Mkuyuni sokoni na ndizi na mananasi kichwani. Natoka alfajiri, narudi alasiri, na kile kilima unakijua. Zena nilimwacha kwa mama. Na mama, kwa huruma yake, alimshibisha uji tangu asubuhi ili asilie. Nikirudi namkuta amelala, tumbo limejaa. Nami mchovu, nasema afadhali, nipumzike. Hata siku ambazo siendi sokoni tukazoea hivyo hivyo, uji kwanza, titi baadaye kama bado analitaka. Mara nyingi hakulitaka.

Wiki za mwanzo matiti yalijaa yakaniuma njia nzima ya kupanda. Baadaye yakaacha kuuma, nikamshukuru Mungu. Mwanangu, nilishukuru msiba wangu mwenyewe bila kujua.

Haukupita muda mrefu, Zena akaanza kupungua. Tumbo lilikuwepo, lakini mapaja yalilegea, na makalio yakaisha kabisa. Ule uji ulikuwa unga na maji tu, unajaza tumbo haujengi mwili. Nikamweka titi, akavuta mara mbili akaliachia akalia. Nikaminya mwenyewe, yakatoka maziwa kidogo sana. Ndipo nikaogopa.

Utaniuliza, kwa nini hukusema? Ah, hapo ndipo penyewe. Ninyi wa siku hizi mnacheka mkisikia neno kubemenda, lakini enzi zetu lilikuwa linavunja nyumba. Mtoto anayenyonya akikonda, watu hawaulizi amekula nini. Wanasema amebemendwa, yaani mama yake amekutana na mwanamume kabla mtoto hajaacha ziwa. Na kama baba wa mtoto yuko mbali Ngerengere, kila mtu anajijazia mwenyewe huyo mwanamume ni nani. Wifi yangu Mwajuma, dada yake Rajabu, alikuwa anakaa kijiji cha chini yetu. Yeye ndiye aliyeanza. Alimwuliza mama, kwa sauti ya huruma kabisa, hivi mwanao akienda Mkuyuni huwa anachelewa kwa nani? Siku ya pili neno hilo lilikuwa limefika kisimani. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa na mwanamume yeyote, Mungu ni shahidi. Lakini niliona kwamba nikisema maziwa yamenikauka, ndiyo nimekiri. Kwa hiyo nikaficha. Namwingiza Zena jikoni, namshindilia uji mpaka anacheua, halafu natoka naye barazani namweka titi mdomoni watu waone. Kwa kuwa ameshiba, anatulia. Unaona ujinga ulivyokamilika? Kila nilivyoficha ndivyo nilivyozidi kuyakausha. Mficha uchi hazai, wazee walisema, nami nilikuwa nimezaa na bado naficha.

Basi siku ile ya mahindi, mmoja wa wale wanawake wanne alikuwa Bibi Mwanahawa, dada wa bibi yangu mzaa mama. Alikuwa mkunga wa kijiji cha juu kabisa, mfupi, mweusi tititi, ana ulimi mkali na ugoro hauishi upindoni mwa kaniki yake. Alikuja kumjulia hali mama aliyekuwa na homa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kupukuchua. Hakunisemesha tena. Lakini nilimwona anamtazama Zena shingoni, sio mimi.

Wenzake walipoondoka akasema anataka maji ya kunawa, nimpeleke mtoni. Maji yalikuwepo mtungini. Nikajua yamenifika. Tulipoingia kwenye migomba akasimama.

"Mtoto anayenyonya, koo linapanda na kushuka," akasema. "Wako amelala na titi mdomoni. Funua nione."

Nikafunua. Akaminya kwa vidole vyake vigumu vile, taratibu, juu kisha chini. Likatoka tone moja. Akauliza tangu lini, nikamjibu yapata mwezi. Nikasubiri aniulize mwanamume ni nani, maana jibu nilikuwa nimeliandaa siku nyingi. Hakuuliza. Aliuliza mtoto anatangulia kupewa nini, uji au titi.

Nilipomwambia, akakaa chini palepale kwenye majani makavu, akashika kichwa.

"Titi halijui kwamba mtoto amekua," akasema. "Linajua limenyonywa au halikunyonywa. Ukimtangulizia uji, unaliambia titi kazi yako imekwisha. Nalo linasikia."

Nikaanza kulia. Nikamwambia naogopa watu, naogopa Rajabu, nisamehe bibi. Akaniacha nilie, halafu akasema maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mpaka nilipoanza kuwa na wajukuu.

"Mimi mwanangu wa pili aliitwa Salumu. Maziwa yalipopungua niliogopa ndimi za mawifi, nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka tukamzika. Wewe hutanyamaza. Mimi nipo."

Mwanangu, kumbe ule ukali wake wote ulikuwa na mtoto ndani yake. Tangu siku ile nikimwona mtu mkali huwa sikimbilii kumchukia.

Tuliporudi alimweka mama kitako, akamtuma mtu kumwita na wifi yangu Mwajuma. Akawaambia wote wawili bila kupaka mafuta: huyu hajambemenda mtoto, tumemfundisha vibaya sisi wenyewe, na kama yupo mwenye neno alilete kwangu. Wifi akatazama miguu yake. Mama yangu maskini alilia, akasema mimi nilidhani namsaidia. Na kweli alidhani anasaidia. Simlaumu hata leo.

Bibi hakurudi kwake. Akakaa na sisi mwezi mzima, mgeni njoo mwenyeji apone. Sokoni akanikataza kwa siku zile. Mkuyuni haihami, akasema. Zena akawa mgongoni kwangu au kifuani kwangu, kutwa. Kila akiamka, titi, yote mawili, hili halafu lile. Kila akishtuka usiku, titi. Baada ya hapo ndipo anapewa chakula, na chakula chenyewe Bibi alikibadilisha. Uji akautaka mzito, na karanga zilizotwangwa ndani, au ndizi iliyopondwa, au mchuzi wa kunde. Anakula kwa mkono wangu, polepole, mpaka atosheke. Hakumnyima chakula hata siku moja, elewa hapo. Alichobadilisha ni kipi kinatangulia na chakula kina nini ndani. Na mimi nikalishwa kama mzazi wa siku saba: mchicha, maharage, uji wa ulezi, maji mengi.

Usidhani maziwa yalirudi kesho yake. Siku tatu za mwanzo Zena alinigombania. Anavuta, hapati haraka kama kijikoni, ananipiga kifua, analia mpaka anakauka sauti. Siku ya tatu nilishindwa. Niliondoka naye kwenda jikoni, nikamimina uji kikombeni. Bibi akaja akasimama mlangoni, nami nikangoja matusi. Akachukua kikombe, akakiweka pembeni, akanikalisha kwenye kigoda, akakaa nyuma yangu nimwegemee. Akawa ananisugua mgongo tu, akiimba nyimbo zetu za Kiluguru za kubembelezea mtoto, bila kunisema hata neno moja. Zena akachoka kulia, akashika titi. Akavuta kidogo, akapumzika, akavuta tena. Basi. Haba na haba.

Siku kama ya kumi nilikuwa nachambua maharage uani. Zena alikuwa kwa mama, akalia. Nikahisi mchomo kifuani, na nilipotazama chini kanga yangu ilikuwa imelowa. Nikapiga kelele, mama akadhani nimeumwa na nyoka. Nilicheka na kulia pamoja, nikamchukua mwanangu, na safari hii nilimsikia anameza. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

Bado kulikuwa na Rajabu. Mwisho wa mwezi alikuja, na maneno yalikuwa yameshamfikia njiani. Alisimama uani, mzigo begani, hajautua. Hakusema habari za hapa. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, na Bibi Mwanahawa akafungua mdomo anitetee. Nikamwomba anyamaze. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia mume wangu hivi:

"Maziwa yalinikauka kwa sababu nilimtangulizia uji. Nikaficha kwa kuogopa jina baya. Nimekosa kuficha, lakini sina kosa lingine."

Akatua mzigo, akaingia jikoni, akatoka na debe tupu la maji. Mwanangu, kwetu wakati ule mwanamume hachoti maji. Yeye akaliweka begani akashuka nalo mtoni mchana kweupe, akapita mbele ya nyumba ya dada yake, akapita mbele ya wanawake wote kisimani. Walimcheka, wakamwita mama Zena. Akarudi nalo limejaa, akalitua miguuni pangu, akasema, nyonyesha wewe, haya niachie mimi. Siku zote nne alizokuwa nyumbani alichota yeye. Na neno lile la kubemenda halikutajwa tena mlangoni kwetu.

Nikarudi Mkuyuni baadaye, lakini na Zena mgongoni. Nanyonyesha nimekaa kando ya mananasi yangu, na mnunuzi atangoja. Siku ambayo haikuwezekana kumbeba nilimnyonyesha kabla sijatoka, nikajikamua huko njiani ili titi lisidhani limeachwa, na nikifika nyumbani cha kwanza ni titi, hata kabla sijanawa uso vizuri. Aliendelea kunyonya mpaka akapita miaka miwili, huku anakula ugali na sisi.

Kwa hiyo, mwanangu, mpe mwanao chakula, umri umefika na mwili wake unataka. Lakini mwaka huu wa kwanza titi litangulie, chakula kifuate. Chakula kiwe na kitu ndani, sio maji yaliyopakwa unga. Mnyonyeshe usiku bila kununa. Ukisafiri, jikamue. Wewe mwenyewe kula, na kazi nyingine waachie wenye mikono, mumeo naye ana miwili. Akianza kukonda mpeleke zahanati wampime, siku hizi ipo, sisi hatukuwa nayo karibu. Na maziwa yakipungua, sema. Mwambie mama yako, mwambie mkweo, njoo uniambie mimi hata kama ni usiku wa mvua. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilichompata Bibi Mwanahawa kwa Salumu wake, mimi kilinipita, Zena wangu akabaki hai, kwa sababu mtu mmoja alimtazama mwanangu shingoni akaniondolea aibu.

Mungu akujaze kifua na sahani. Mwanao ameze mpaka usingizi umchukue. Na isifike siku ukaona haya mbele ya watu wako kuliko unavyomwonea huruma mtoto wako. Haya, mlete huku nimbebe, nawe ukale.