Kitenge cha Kuku

"Siku nikipasua kioo cha mtu, nauza mbuzi wangu wote wanne nalipa, halafu narudi Makutupora kupogoa zabibu."

Maneno hayo Ursula Ndahani aliyasema kwenye maiki, na wala hakuna aliyemwalika kuhutubia. Alnoor, mwenye duka la spea ambalo Ursula hukaa barazani kwake akifunga waipa, alikuwa amekodi spika mbili na mtu wa kutangaza punguzo la betri. Mtangazaji akaenda kujisaidia, maiki akaiacha juu ya kiti. Maiki ikiachwa karibu na Ursula haipoi. Mtaa mzima ulisikia, hadi wauza mkaa wa ng'ambo ya barabara ambao hawana gari wala kioo, na tangu siku hiyo kila mtu aliijua idadi ya mbuzi wa Mama Castory, kama mtaa unavyomwita.

Ajabu ni kwamba alikuwa na haki ya kujisifu. Dodoma waipa hazifi kwa kazi, zinauawa na jua. Miezi minane gari linashinda juani, raba inakauka na kupasuka kama kisigino, na hakuna anayejali, maana cha kufuta ni vumbi tu. Kisha siku moja ya Desemba linadondoka tone la kwanza, na mji mzima unakumbuka kwa pamoja kwamba una waipa. Siku hiyo Ursula hali chakula cha mchana.

Anaanza kwa kutandika kitenge chake kwenye kioo, kile cha kijani chenye picha za kuku. Ndipo anauinua mkono wa waipa. Mkono ule una springi kali. Ukishavuliwa waipa unabaki chuma kitupu, na ukirudi kwa kishindo, kioo hakina lake. Kushoto anashika chuma, kulia anabonyeza kifungio kidogo cha plastiki, anaivuta waipa kuelekea chini, inaachia ndoano. Mpya anaipachika palepale, anaivuta juu mpaka iseme tak. Isiposema, haondoki. Misimu kumi na mmoja ya kupogoa zabibu ilimfundisha kwamba watazamaji hutazama mkono wenye mkasi, wakati kazi iko kwenye mkono ulioshika.

Basi ikafika Jumanne moja ya Desemba, wingu jeusi limeinama juu ya mji, magari yamepanga foleni. La mbele lilikuwa la Frank, dereva wa serikali kutoka Chamwino. Nyuma yake alisimama Optatus, afisa mpya wa ofisi moja hapo mjini, shati limenyooka, na gari ambalo kwake lilikuwa jipya ingawa Wajapani walishalichoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nunua waipa hapo ndani kwa Alnoor. Kufunga ni elfu mbili, nikitoka kwa Frank nakuja kwako."

"Elfu mbili ya kubonyeza kitu? Nimeangalia video, mama. Dakika moja na nusu."

"Kwenye hiyo video kulikuwa na upepo?"

"Hapana."

"Basi weka kitambaa."

Optatus akacheka kistaarabu, kama wanavyocheka wasomi wakipewa ushauri wa bure. Akanunua waipa zake, akazing'oa za zamani zote mbili kwa mpigo, akaiacha ile mikono imesimama kama askari walionyang'anywa bunduki, kisha akainama kusoma maelezo ya boksi. Ursula alipita ubavuni mwake kuchukua koleo, akaegemea boneti yake kidogo, akarudi kwa Frank.

Upepo wa kutangulia mvua ukaja na vumbi lake lote.

Pa.

Ufa ulianzia chini, upande wa abiria, ukapanda polepole huku watu wakiutazama.

"Mama Castory, mbuzi hao," mtu mmoja akasema kutoka kwenye foleni, na wengine wakacheka.

Macho yote yakamgeukia Optatus, na Optatus akayatazama maandishi ya boksi. "Sijui," akasema. "Mama alikuwa hapahapa."

Ubaya ni kwamba hakuwa amesema uongo. Ursula aliwaona mbuzi wake mmoja mmoja, na yule mwenye mimba akamwona mara mbili. Aliuona mkasi wa kupogolea. Lakini lililomuumiza zaidi ni kwamba kwa muda alianza kuushuku mkono wake mwenyewe. Aliegemea boneti ile. Je, aligusa?

Alnoor akatoka dukani. Hakutoka kumtetea mtu; kioo kikivunjika mlangoni pake, jina linalovunjika nalo ni lake. Akakitazama kioo, akamtazama Ursula.

"Mama Castory, kitenge chako kiko wapi?"

Ursula akajipapasa kiunoni. Hakuna kitu. Ndipo akakumbuka.

"Kwenye gari la Frank."

Vichwa vikageuka. Kuku wote walikuwepo, wamelala juu ya kioo cha serikali.

"Nimekishikilia mimi kisipeperuke," Frank akasema, mkono wake mrefu umetokeza dirishani. "Na upande huu bado sina waipa, kwa hiyo kesi yenu iendesheni haraka."

Aliyetaja mbuzi akagundua kuwa simu yake ina mambo mengi ya kusoma. Mtaa ule haujawahi kumwona Ursula akishika waipa ya mtu bila kitenge, na kitenge ni kimoja.

"Ni mimi, mama," Optatus akasema hatimaye. "Nilikuwa nasoma boksi. Nisamehe."

"Najua," Ursula akajibu, ingawa ndiyo kwanza alikuwa amejua.

Akammalizia Frank. Tak. Kisha akachukua kitenge na kukitandika juu ya kioo cha Optatus, taratibu, kama kwenye kioo kizima.

"Kimeshapasuka, mama. Kitenge cha nini tena?"

"Kimepasuka upande wa abiria. Upande wako bado."

Mvua ikashuka. Watu wakakimbilia barazani, yeye akabaki pale analowa, kushoto ameshika, kulia anapachika. Tak. Akazunguka upande wa pili. Tak. Optatus akawasha, na maji yakaondoka kiooni, ufa ukabaki.

"Nikupe ngapi, mama?" akauliza, pochi mkononi, akisubiri bei ya hasira.

"Kufunga ni elfu mbili."