Mshika Pazia wa Chatsworth

Katika terukuthu, mchezo wa kuigiza na kuimba wa Watamili, mfalme haingii hivi hivi. Watu wawili husimama mbele wamenyoosha kitambaa, naye huimba nyuma yake. Mara atoe vidole juu ya ukingo, mara achomoze ncha ya taji, mara apige mguu chini njuga zilie, lakini uso hauonyeshi. Kitambaa kikija kushuka, kila mtazamaji amekwisha kujichorea mfalme wake moyoni. Nadasen Chinniah, au Nades, fundi wa kukata ngozi katika kiwanda cha viatu, alikuwa amekishika kitambaa hicho kwa miaka thelathini na mmoja.

Hakuanzia hapo. Ujanani walimpa nafasi ya mjumbe, mtu mwenye maneno manne tu, na katika ua wa hekalu, mbele ya mtaa wao wote wa Chatsworth, maneno manne hayo yakamtoroka. Mwalimu wa kikundi akamtazama kwa huruma. "Huyu mpeni pazia," akasema. "Pazia halina cha kusahau."

Watu wakacheka, na Nades akacheka nao, akashika pembe ya kitambaa. Ndipo alipogundua jambo ambalo waigizaji hawakulijua. Mfalme yuko nyuma, haoni kitu. Anayewaona watu ni mshika pazia. Aliziona nyuso zikikaza, zikilegea, zikisogea mbele. Akajifunza kungoja ile pumzi moja ambayo ua mzima huivuta kwa pamoja. Hapo pazia limeiva. Likishuka kabla, mfalme ni mtu aliyepakwa rangi tu. Likichelewa, watu wanatafuta viatu vyao.

Marehemu Saroja, mkewe, alipenda kusimulia kwamba alimchagua kwa sababu kati ya watu wote waliokuwa wakirukaruka pale uani, yeye peke yake alikuwa ametulia.

Basi mwaka ule kikundi chao, ambacho hakikuwa kimeitwa popote kwa miaka minne, kikaalikwa kwenye tamasha mjini Durban. Wachoraji, washairi, wapiga muziki na wacheza dansi, wote wajukuu na vitukuu vya watu waliotoka India wakatawanyika Natal, Mauritius, Trinidad na Uingereza, walikuwa wamekusanywa jumba moja kwa siku tatu. Msimamizi alikuwa binti aitwaye Yuvika, mwenye kalamu mbili zilizosahaulika nyweleni.

"Mna dakika ishirini, Anko," alimwambia Rungan. "Taa ya njano, zimebaki tano. Taa nyekundu, kwaheri."

Rungan, dereva wa basi, pande la mtu, alikuwa mume wa dada yake Nades. Mfalme alikuwa yeye.

"Ishirini? Mwanangu, kupaka uso tu nachukua saa mbili!"

"Basi njoo umeshapaka, Anko."

Nyumbani Rungan hakulala vizuri kwa hesabu hiyo. Alikuwa na miaka sitini na sita, na vazi jipya lililochosha cherehani. Akamshika Nades mkono. "Dakika tatu, shemeji. Tatu, halafu shusha. Nataka wanione."

"Halitakuwa limeiva."

"Usiniletee kuivaiva! Hilo ni pazia, si papai. Niahidi."

Nades akaahidi, maana aliona macho ya shemeji yake yalikuwa yakiomba kuliko sauti yake.

Mwenzake wa kushika upande wa pili alikuwa amepasuliwa goti, kwa hiyo dada yake Nades, Ambigay, mkewe Rungan, akajitolea. "Nimemficha mume wangu watu wasimwone miaka arobaini," alisema. "Dakika tatu zitanishinda?"

Jumamosi saa nane mchana wakapanda jukwaani. Ukumbi ulikuwa baridi kama ghala la samaki. Vijana walikaa wamekunja mikono, simu magotini. Ngoma ikalia, Rungan akaanza kuimba, na Nades akazitazama zile nyuso. Zilikuwa na adabu, basi. Adabu ya watu wanaongoja kitu kingine.

Dakika ya tatu akapigwa teke la kisigino. "Shusha!" Mfalme alilitia neno hilo katikati ya wimbo kama vile limo.

"Kaka," Ambigay akanong'ona, "anasema shusha."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Watazame usoni."

Ambigay akawatazama, kwanza kwa haraka, halafu taratibu. Mikono yake ikapanda juu kidogo. "Wee," akasema. "Bado kabisa."

Rungan, kwa hasira, akaning'iniza vidole vitano vyekundu juu ya ukingo. Mtoto akacheka. Akachomoza taji, akalirudisha. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akagonga fimbo sakafuni: "Wewe mfalme gani unaogopa watu?"

"Nangoja wanyooshe sari zao!" mfalme akajibu kwa kuimba, na ukumbi ukalipuka. Mikono ikakunjuka. Huku wanamwita atoke, kule wanambishia. Taa ya njano ikawaka. Hakuna aliyeiangalia isipokuwa Nades. Nyuso zilikuwa zinakuja, zinakuja, lakini pumzi ile haijavutwa.

Taa nyekundu. Vipaza sauti vikakatwa. Yuvika akapanda ngazi, uso umemwiva. "Anko, muda umekwisha. Naomba mshushe."

Nades alijua kwamba akishusha sasa Rungan atapigiwa makofi ya kuagwa, kisha arudi kuendesha basi. Na ahadi alikwisha kuivunja; haikufaa kuivunja bure.

"Taa ni yako, mwanangu," alisema kwa upole. "Hatuwezi kugombana nayo. Ambigay, twende."

"Wapi?"

"Nje, kwenye nyasi."

Wakaanza kutembea kiubavu, kitambaa kimenyooka, wakashuka ngazi za jukwaa hatua moja moja. Nyuma yake sauti ikanguruma, "Mnanipeleka wapi, jamani?"

"Imba wewe!" mkewe akamkemea. "Tena inama, kichwa chaonekana!"

Mpiga ngoma akawafuata. Bibi wa fimbo akawa wa kwanza kuinuka, na baada yake ukumbi mzima. Wakatoka juani, penye vibanda vya chakula, watu wakiacha foleni na mikate yao iliyojazwa mchuzi wa maharage mikononi, wakafanya duara. Mcheza dansi kutoka Leicester, ambaye zamu yake ndiyo ilikuwa imefika, akasimama mlangoni na njuga miguuni, akamuuliza Yuvika kama aanze.

"Uanze na nani?" Yuvika akasema. "Hata mimi nangoja."

Nades akatazama duara. Mabishano yalikuwa yamekoma. Mtu mmoja alikuwa na tonge njiani, hakulifikisha. Kisha, kama upepo unapojikusanya juu ya miwa, pumzi ikavutwa.

Akaachia.

Rungan alisimama akageuka polepole, akiwatazama waliokuwa wakimtazama. Ndipo kelele zikapanda, njuga zikaitikia, na mfalme akaanza kucheza kama mtu asiye na goti hata moja la miaka sitini na sita.

Nades akajivuta kando, akaketi kwenye nyasi. Mabega yalikuwa yamekaza, mikono haikunjiki. Ambigay akanunua mkate wa mchuzi, akaketi karibu yake, akamlisha kwa mkono.

"Atakuchinja leo," akasema.

"Anajua niko wapi," Nades akajibu, akafungua kinywa apewe tonge lingine.